Bima Ifuate Damu, Isiishie kwenye Kaya

Msimamo wangu nauweka mwanzo ili msomaji ajue ninaelekea wapi. Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilazimishwe kwa kanuni iliyoandikwa kulipia kipimo cha vinasaba kwa kila mgonjwa ambaye saratani yake ina dalili za kurithiwa. Kisha iwalipie ndugu zake wa damu popote walipo, hata kama hawamo kwenye kadi yake na hata kama michango yao imekatika. Sidai kila Mkenya apimwe, wala sidai maabara za kibinafsi ziachiwe ziwauzie watu hofu. Nadai tuanze na mgonjwa aliye mbele yetu, na kutoka kwake twende kwa nduguze, mmoja baada ya mwingine.

Bima hii iliyochukua nafasi ya NHIF tarehe 1 Oktoba 2024 imejengwa juu ya kaya: mchangiaji, mwenzi wake na watoto wanaowategemea. Kwa malaria, kwa uzazi au kwa ajali ya bodaboda, mpango huo unaeleweka. Saratani ya kurithi ina njia yake nyingine. Mwanamke anayeuza vitunguu soko la Kongowea akigundulika ana hitilafu katika jeni ya BRCA1, mumewe aliye naye kwenye kadi moja hana hatari yoyote iliyoongezeka. Walio hatarini ni dada yake aliyeolewa Likoni, kaka yake anayeendesha tuktuk Kisauni, shangazi yake wa Changamwe na mabinti wa huyo shangazi. Mbele ya SHA hawa ni kaya nne au tano zisizohusiana. Hakuna fomu inayowaunganisha, hakuna karani mwenye sababu ya kuwapigia simu, na hakuna bajeti yenye jina lao.

Mpango huo wa kaya unawabana hata wanaoishi pamoja. Kifurushi cha saratani kilipoanza kiliwekwa shilingi 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na zikiisha, 150,000 kutoka mfuko wa dharura na magonjwa sugu, jumla 550,000. Kiasi hicho ni cha kaya nzima, si cha mtu. Katika ukoo wenye jeni yenye hitilafu, mama na bintiye wanaweza kuugua wakiwa bado kwenye kadi moja, na hapo wote wawili wanachota kwenye mfuko mmoja ambao hata mgonjwa mmoja humaliza. Waliopanga viwango hivi walifikiria saratani kama bahati mbaya inayomwangukia mtu mmoja nyumbani. Kwa familia nyingi ni kweli, lakini kati ya asilimia 5 na 10 ya saratani zina chanzo cha kurithi, na kwa familia hizo hesabu hiyo haikubali kabisa.

Nieleze jinsi inavyotokea, kwa sababu bila kuelewa hapo hoja yangu itaonekana ni ya huruma tu. Kila seli ya mwili ina nakala mbili za kila jeni, moja ya mama na moja ya baba. Jeni za BRCA1 na BRCA2 kazi yake ni kurekebisha vinasaba vinapokatika, na huwa vinakatika kila siku. Fikiria jahazi lililo safarini na mafundi wawili wa kalafati. Fundi mmoja akishindwa, wa pili anaendelea kuziba nyufa. Aliyerithi hitilafu ameanza safari na fundi mmoja tu. Siku nakala ya pili inapoharibika katika seli moja ya titi au ya ovari, hakuna wa kuziba tena, na makosa yanalimbikizana mpaka seli inaasi. Ndiyo maana saratani hizi huja mapema, huja pande zote mbili, na humpata mtu yule yule zaidi ya mara moja. Utafiti mkubwa wa familia zenye jeni hizi uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba mwanamke mwenye hitilafu ya BRCA1 ana uwezekano wa takriban asilimia 72 wa kupata saratani ya matiti kabla ya kufika miaka 80, na wa BRCA2 asilimia 69. Kwa ovari ni asilimia 44 na 17. Kila mtoto wa mwenye hitilafu, wa kike au wa kiume, ana nafasi nusu kwa nusu ya kuirithi.

Kwa nini basi nasisitiza tuanze na mgonjwa na tusianze na wazima wenye wasiwasi? Hapa ndipo hata madaktari wenzangu huteleza. Chukua dada wawili, mmoja ana saratani ya matiti na ana miaka 36, mwingine ni mzima. Ukimpima aliye mzima peke yake na majibu yakatoka safi, hujajua kitu. Huenda hakurithi hitilafu ya familia. Huenda pia familia ina hitilafu ambayo kipimo hakikuitafuta, na yeye anayo. Lakini ukimpima mgonjwa kwanza ukaikuta, sasa unajua unatafuta nini. Dada yake mzima akipimwa hitilafu ile ile moja na isiwepo, anaweza kuambiwa kwa uhakika kwamba hatari yake imerudi kuwa ya kawaida kama ya mwanamke mwingine yeyote mtaani. Kipimo cha kutafuta hitilafu inayojulikana ni rahisi na nafuu kuliko kusoma jeni nzima. Mgonjwa akizikwa bila kupimwa, ndugu wote wanabaki gizani, na gharama ya kuwatoa huko inapanda.

Faida hii haionekani wazi popote kama kwenye saratani ya jicho la mtoto, retinoblastoma. Mara nyingi ni mama anayeiona: mtoto akipigwa picha kwa simu usiku, mboni ya jicho moja inarudisha mng'ao mweupe badala ya wekundu. Takriban asilimia 40 ya watoto hawa wana hitilafu ya kurithika katika jeni iitwayo RB1, na wenye ugonjwa kwenye macho yote mawili karibu wote wanayo. Mtoto huyo ana wadogo zake. Bila kipimo cha vinasaba, kila mdogo lazima alazwe, apewe nusukaputi na achunguzwe macho, si mara moja, ni tena na tena kwa miaka ya utotoni, kwa sababu hatujui nani amerithi. Kutoka Kongowea hiyo inaweza kuwa safari ya Nairobi au ya hospitali ya macho ya Kikuyu kila baada ya majuma kadhaa, mama anaacha meza yake sokoni, na nauli inatoka kwenye mtaji. Kipimo kimoja cha damu kwa mgonjwa na kimoja kwa kila mdogo kinawaondoa watoto wasiorithi kwenye mzunguko huo moja kwa moja, na aliyerithi anafuatiliwa tangu siku za mwanzo, wakati bado kuna jicho la kuokoa. Sijui hoja ya kibajeti inayoweza kuupinga ukweli huu. Bima inayokubali kulipia nusukaputi kadhaa kwa mtoto asiye na hatari, huku ikikataa kipimo ambacho kingeonyesha hana hatari, inapoteza fedha.

Nataja Kongowea kwa makusudi. Soko hili na mitaa ya kifahari ya Nyali ziko katika eneo bunge moja. Kipimo ninachokizungumzia tayari kinapatikana kwa wakazi wa upande mmoja: sampuli inachukuliwa Mombasa, inasafirishwa nje ya nchi, majibu yanarudi kwa barua pepe. Maabara za Marekani zimekuwa zikitoza wanaojilipia takriban dola 250 kwa kipimo cha jeni nyingi, yaani shilingi 32,000 hivi, kabla ya usafirishaji na ada za hapa. Mfanyabiashara wa sokoni anayelipa SHA kwa mkupuo wa mwaka, kima cha chini kikiwa shilingi 300 kwa mwezi, hawezi kuzitoa hizo kwa mara moja, na siku ya kuvuka daraja kwenda Hospitali Kuu ya Pwani ni siku ambayo nyanya zinamwozea.

Sasa nigeukie yanayosemwa. La kwanza ni kwamba haya ni maradhi ya Wazungu, yaliyotufikia mwaka 2013 kupitia habari za Angelina Jolie. Profesa Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, na wenzake wa Ibadan waliwapima wanawake 1,136 wa Nigeria wenye saratani ya matiti, matokeo yakachapishwa 2018. Karibu mmoja kati ya kila wanane alikuwa amerithi hitilafu katika BRCA1, BRCA2 au jeni nyingine mbili za aina hiyo. Baadaye utafiti wa namna hiyo ulifanywa Uganda na Kameruni, na picha ilifanana. Kinachotutofautisha na Ulaya ni kwamba hatujapimwa vya kutosha. Matokeo yake, Mwafrika akipimwa leo, mara nyingi zaidi anapewa jibu lisiloeleweka, yaani tofauti ya jeni ambayo hakuna ajuaye kama ina madhara, kwa sababu kumbukumbu za dunia zimejaa damu za watu wengine. Wapo wanaotumia hilo kama sababu ya kusubiri. Mimi naona ndiyo sababu ya kuanza, kwa sharti kwamba jibu lisiloeleweka lisiwe msingi wa kumkata mtu titi wala ovari, na mgonjwa aelezwe hivyo kabla sindano haijaingia.

La pili ni kubwa zaidi hapa Pwani, nalo ni imani kwamba saratani ya matiti hurithiwa upande wa mama tu. Muuguzi anauliza, "Mama yako aliwahi kuugua? Khalati zako?" na akijibiwa hapana anafunga daftari. Nusu ya urithi wote umetoka kwa baba. Mwanamume anaweza kuibeba BRCA2 maisha yake yote akiwa mzima, ingawa yeye naye yuko katika hatari zaidi ya saratani ya tezi dume na hata ya titi, na akaipitisha kwa mabinti watatu. Kwa hiyo swali la kwanza linapaswa kuwa la shangazi. Tena liulizwe kwa lugha ya nyumbani. Ukimuuliza mtu kama shangazi yake alifariki kwa saratani ya ovari atasema hapana. Muulize shangazi alifariki kwa nini, atakwambia tumbo lilivimba, likajaa maji, akakonda, akaombewa, akafa ndani ya mwaka. Hiyo inaweza kuwa saratani ya ovari, na imezikwa bila jina. Katika nyumba za wake wenza maswali yaendelee mbele, maana watoto wa baba mmoja wanashiriki hatari hata kama mama zao hawasemezani. Katika hili Waswahili tuna mtaji ambao jamii nyingi hazina. Wazee wetu wanajua nasaba mpaka babu wa saba. Ukimpata bibi mmoja na karatasi moja, mti wa ukoo uliokamilika unapatikana kabla chai haijapoa.

Wengine huuliza kama kuoana mabinamu ndiko kunakoleta saratani hizi. Hitilafu za BRCA1 na BRCA2 hazihitaji ndoa ya binamu, kwani nakala moja kutoka kwa mzazi mmoja inatosha. Ndoa hizo zina athari kwenye magonjwa yanayotaka nakala mbili zenye kasoro, na ni vyema wanaopanga kuoana waelezwe hivyo kwa heshima, bila kuwatisha.

Pingamizi la tatu linatoka moyoni na ninalichukulia kwa uzito: kujua ni kujitafutia balaa, binti hataolewa, na mambo ya ghaibu yaachiwe Mwenyezi Mungu. Kipimo hiki hakisomi ajali ya mtu. Kinaonyesha uwezekano, na uwezekano huo una tiba. Kuondoa ovari na mirija baada ya kumaliza kuzaa, kwa mwenye BRCA1 kati ya miaka 35 na 40, kunapunguza hatari ya saratani ya ovari kwa takriban asilimia 80. Kwa familia zenye ugonjwa wa Lynch, unaoleta saratani ya utumbo mpana na ya mji wa mimba, kamera ya utumbo kila mwaka au miaka miwili hung'oa vivimbe kabla havijageuka, na aspirini imethibitishwa kwa majaribio kupunguza hatari. Lakini hofu ya binti kutoolewa haitaondoka kwa takwimu. Itapungua pale siri itakapolindwa na sheria.

Na hapa Kenya tuna mfano wetu wenyewe. Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2006 ilikataza kumlazimisha mtu kupima virusi kama sharti la kazi, ndoa au bima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataja taarifa za kijenetiki miongoni mwa taarifa nyeti. Hiyo inalinda faili, haimkatazi moja kwa moja wakala wa bima ya maisha au wa mkopo kumuuliza mteja, "Umewahi kupimwa jeni?" na kumpandishia bei kwa jibu lake. Bunge liifuate njia ya 2006 kabla ya vipimo kuenea. Marekani walipitisha sheria ya namna hiyo mwaka 2008 kwa bima ya afya na ajira, wakaiacha nje bima ya maisha, na pengo hilo linawasumbua mpaka leo.

Marekani wana somo jingine. Sheria yao ya afya ya 2010 ililazimisha bima kulipia huduma za kinga zilizopendekezwa na jopo la wataalamu, na mwaka 2013 serikali ikafafanua kwamba kipimo chenyewe cha BRCA kimo, bila mgonjwa kuchangia. Mwaka huo huo Mahakama ya Juu, katika kesi dhidi ya kampuni ya Myriad, iliamua kwamba vinasaba vya asili havimilikiwi kwa hataza, na kipimo kilichokuwa kikigharimu zaidi ya dola 3,000 kikaanza kushuka bei. Lakini pendekezo walilolifunga kwenye sheria linawataja wanawake tu. Mwanamume mwenye hitilafu hiyo hiyo hana haki hiyo, na familia za Lynch zimeachwa pembeni. Kanuni yetu isiandikwe kwa jinsia wala kwa jeni mbili maarufu.

Kisha inakuja hoja ya fedha, na wanaoitoa wana haki ya kujibiwa. SHA inadaiwa na hospitali, wagonjwa wanaambiwa walipe wenyewe, na mimi nataka kuongeza mzigo? Tufanye hesabu. Kenya inakadiriwa kupata wagonjwa wapya wa saratani ya matiti 7,000 hivi kwa mwaka. Hata tukiwapima wote, jambo ambalo silipendekezi, kwa shilingi 32,000 kila mmoja ni shilingi milioni 224. Kwa kiwango cha mwanzo cha 550,000, hicho ni kifurushi kamili cha kaya zipatazo 400. Tukichuja kwa vigezo, gharama inashuka sana. Na SHA ina sababu ya kulipa ambayo bima binafsi hazina. Kampuni ya bima inamhudumia mteja kwa mwaka, mwakani anahamia kwingine, kwa hiyo saratani iliyozuiwa leo inamwokolea pesa mshindani. SHA ni ya lazima na ya maisha. Mtu itakayemwacha bila kipimo akiwa na miaka 30 itamlipia matibabu akiwa na 42.

Wengine wanasema fedha hizo ziende kwenye saratani ya shingo ya kizazi, inayoletwa na kirusi na inayozuilika kwa chanjo, ile iliyozinduliwa hapa Mombasa Oktoba 2019. Nakubali kwamba chanjo hiyo itaokoa wengi zaidi, na ningekuwa na shilingi moja tu ningeiweka huko. Ila nchi inayozika watu zaidi ya 29,000 wa saratani kwa mwaka haina shilingi moja. Inalipia matibabu ya kuchelewa kila siku. Mwaka 2025 serikali na kampuni ya Roche walikubaliana dawa ya Herceptin ishuke kutoka shilingi 120,000 hadi 40,000 kwa dozi, SHA ikiilipa. Ukinunua vipimo kwa jumla kwa ajili ya nchi nzima, bei inazungumzika vivyo hivyo.

Ninachoona kama hatari ya kweli ni kulipia kipimo na kukomea hapo. Kumwambia mwanamke wa miaka 28 kwamba ana BRCA1, kisha akose MRI ya matiti ya kila mwaka na akataliwe upasuaji wa kinga kwa sababu fomu inadai jina la ugonjwa na yeye haumwi, ni kumfanyia ukatili. Kanuni itaje mnyororo mzima: ushauri nasaha kabla na baada, kipimo, ufuatiliaji, upasuaji wa kinga kwa anayeutaka. Washauri wa vinasaba ni wachache mno, lakini miaka ya UKIMWI ilitufundisha kuwaandaa wauguzi kuzungumza mambo mazito kwa Kiswahili, ndani ya chumba kidogo, bila kumharakisha mtu. Wengi wao wangali kazini.

Maabara pia tusiseme hatuna. Wakati wa korona, kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome pale Kilifi, mwendo wa saa moja na ushei kutoka Kongowea kwa barabara ya Malindi, kilisoma vinasaba vya kirusi hicho kutoka kaunti za Pwani. Kusoma jeni za binadamu kwa ajili ya tiba kunahitaji ithibati na wataalamu wa ziada, lakini ujuzi wa msingi uko hapa na vijana wetu wameshaushika.

Kwa hiyo jopo linaloishauri wizara kuhusu vifurushi na ada za SHA liweke vigezo hivi kwenye gazeti la serikali: mwenye saratani ya matiti chini ya miaka 50, saratani ya ovari katika umri wowote, mwanamume mwenye saratani ya titi, saratani ya utumbo mpana chini ya miaka 50, kwa kuanza na kupima kivimbe chenyewe, mtoto mwenye retinoblastoma, na mgonjwa mwenye ndugu wawili wa damu, wa upande wowote, waliougua saratani za jamii hiyo. Hitilafu ikipatikana, mgonjwa akiridhia, apewe namba ya ukoo ambayo ndugu yeyote wa damu ataitumia kupimwa bila kuulizwa kadi yake inasomaje, na gharama itolewe kwenye mfuko wa magonjwa sugu, isiguse kifurushi cha kaya ya mtu.

Kanuni itachukua miezi, pengine zaidi. Wapo wagonjwa watakaomaliza dawa zao, au watakaofariki, kabla haijatangazwa. Hospitali za rufaa zianze sasa, kwa idhini ya mgonjwa iliyoandikwa, kuchukua chupa moja ya damu ya kila anayetimiza vigezo hivi, kutoa vinasaba na kuvihifadhi kwenye baridi, pamoja na jina la ndugu mmoja wa kupigiwa simu.